UPEPO WA KOMPRESA SI WA KUCHEZEA

Ndugu mkulima, ukiwa na trekta, tela au gari la kupelekea maziwa, hukosi siku ya kutumia upepo wa kompresa. Utautumia kujaza matairi, kupuliza vumbi katika rejeta, au kufungua nati kwa spana ya upepo. Upepo hauonekani, hauunguzi kama moto wala haukati kama panga. Kwa hiyo wengi huufanya mchezo. Lakini huua.

Nguvu yake

Kwanza fahamu hesabu ya geji. Sindano ikionyesha 100, maana yake upepo unasukuma kwa nguvu ya ratili 100 juu ya kila inchi moja ya mraba. Hizo ni kama kilo 45, yaani nusu ya gunia la mahindi la kilo 90, juu ya mahali padogo kama stempu ya barua.

Sasa tazama tairi la lori lililojazwa ratili 80. Futi moja ya mraba ya ubavu wake ina inchi 144 za mraba. Basi upepo unaisukuma kwa nguvu ya ratili 11,520. Huo ni uzito wa magunia zaidi ya 50. Tairi likipasuka au ringi ikifyatuka, nguvu hiyo hutoka mara moja, na mtu aliyeliinamia hana nafasi ya kukimbia.

Kujaza tairi

1. Usisimame mbele ya ubavu wa tairi. Simama mbali kidogo, upande wa meno yake, na utumie mpira mrefu wenye kishikizo cha kubana valvu.

2. Jaza kidogo kidogo huku ukipima kwa geji. Usikisie kwa kupiga teke. Fuata kipimo cha kitabu cha trekta, wala usipite kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi kubwa la nyuma la trekta mara nyingi hutosheka na ratili 12 hadi 20.

3. Ringi ya vipande mpelekee fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia. Yenye ufa au iliyoliwa na kutu usiijaze kabisa.

4. Tairi likikataa kukaa katika ringi, usimwagie petroli na kuwasha. Wala usichomelee ringi ambayo tairi lingali juu yake.

Kupuliza vumbi

Usipulize nguo ulizovaa, wala mwili wako, wala mwenzako kwa mzaha. Upepo waweza kupita penye jeraha ukaingia katika damu na kumwua mtu. Waweza pia kupasua ngoma ya sikio na kuharibu jicho. Punguza nguvu mpaka chini ya ratili 30, vaa miwani ya kukinga macho, na wafukuze watoto. Ukisafisha rejeta, zima injini kwanza.

Tangi na mipira

Kabla ya kufungua mpira au spana ya upepo, funga koki na utoe upepo uliobaki, kwani mpira ukichomoka hupiga huku na huku kama nyoka. Mpira uliopasuka usiufunge kwa utepe, nunua mwingine.

Usiikaze wala kuiziba valvu ya usalama iliyo juu ya tangi. Hiyo ndiyo hutoa upepo unapozidi kipimo. Tangi lililotoboka lisichomelewe na fundi wa njiani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya upepo ya mahali pa kazi yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Hewa ikibanwa hutoa maji, nayo maji hulila tangi kwa ndani, mahali usipopaona. Kwa hiyo kila jioni, zima kompresa, acha upepo utoke, kisha fungua koki iliyo chini ya tangi. Anza leo. Yakitoka maji mekundu ya kutu, usiiwashe tena mpaka mkaguzi alitazame tangi hilo.