Usukani Unaocheza: Ukaze Ufuoni Kabla Haujakuacha Baharini

Msimu wa kusi unapokolea, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje ya miamba yetu huchafuka. Nahodha anayepita mlango wa mwamba kwenda Kilifi, Watamu au Malindi hana nafasi ya kukosea. Akisukuma kana, boti sharti igeuke papo hapo. Ikichelewa kidogo tu, wimbi humsogeza kwenye mwamba yeye, abiria wake na chombo kinachomlisha.

Somo la toleo hili linawahusu wenye boti ndogo za matanga aina ya katamarani, wawe wanatembeza wageni au wanafundisha vijana kusafiri kwa tanga. Wenye ngalawa na mashua pia watapata la kuchukua. Ngalawa ina mwili mmoja na matengo mawili ya kuizuia isipinduke. Katamarani ina miili miwili iliyo sawa, na kila mwili una usukani wake. Sukani hizo mbili huunganishwa kwa bomba moja ili ziende pamoja. Faida yake ni kwamba mmoja ukiharibika, wa pili upo. Hasara yake ni kwamba sehemu za kulegea ni maradufu.

Kwa nini usukani hulegea

Usukani hauharibiki siku moja. Chumvi na mchanga huingia kwenye tundu la pini na kulisaga kila kana inapogeuka. Tundu lililokuwa mviringo hurefuka likawa kama yai. Chukulia pini mbili zimeachana sentimita 20, na tundu la chini limelika milimita 2 tu. Ncha ya ubao, iliyo sentimita 60 chini ya pini hiyo, itayumba milimita 8. Ongeza ulegevu wa bomba la kuunganisha na wa kiungo cha kana, ndipo utakapoelewa kwa nini boti inachelewa kumsikia nahodha.

Hatua ya 1: Tafuta mahali panapocheza

Vuta boti ufuoni na uteremshe mbao zote mbili za usukani. Mtu mmoja ashike kana kwa nguvu isisogee. Wa pili ashike ncha ya ubao, ausukume kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Wa tatu aweke kidole kwenye kila kiungo kwa zamu: pini ya juu, pini ya chini, bolti ya ubao, kiungo cha bomba. Kidole kitahisi chuma kikigonga. Tia alama ya chaki hapo. Usianze kukaza chochote kabla hujamaliza kukagua, kwa maana ukikaza pasipostahili, kasoro yenyewe itajificha.

Hatua ya 2: Badilisha bushi, usikaze tu

Bolti ya ubao iliyolegea inaweza kukazwa. Tundu lililolika haliwezi. Toboa tundu hilo likae mviringo tena kwa saizi kubwa kidogo, kisha utie bushi ya plastiki ngumu inayoishika pini vizuri. Ukitumia nailoni, kumbuka kwamba hunyonya maji na kuvimba, kwa hivyo acha nafasi ndogo sana ili pini isije ikakwama. Plastiki ya asetali haivimbi sana, na ndiyo bora ukiipata.

Chomoa pini yenyewe uitazame. Hata chuma kinachoitwa cha kutoshika kutu huliwa pale kilipofichwa na kukosa hewa, ndani ya tundu au chini ya bamba. Ukiona mashimo madogo, mkunjo au shingo iliyokonda, itupe. Unaponunua mpya, uliza chuma cha daraja la 316, kwa kuwa huvumilia chumvi kuliko kile cha 304. Msumari uliokunjwa si pini, hata kama uliwahi kukufikisha nyumbani.

Jihadhari pia na vyuma vya aina mbili vinavyogusana. Alumini ikikutana na shaba, au na chuma cha kutoshika kutu, katika maji ya chumvi, alumini ndiyo itakayoliwa. Weka washa ya plastiki katikati au upake grisi ya baharini.

Hatua ya 3: Linganisha mbao mbili

Mbao zisipotazama upande mmoja, kila mmoja huvuta kwake na boti hupoteza mwendo. Weka kana katikati. Pima umbali kati ya mbao mbili kwenye kingo zao za mbele, kisha kwenye kingo za nyuma, kwa kimo kile kile. Vipimo vilingane, au cha mbele kipungue kwa milimita 2 hadi 3 tu. Kama sivyo, rekebisha urefu wa bomba la kuunganisha hadi vikubaliane.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa kana

Nahodha wengi hulalamika kwamba kana ni nzito na mkono unachoka. Mara nyingi sababu ni ubao ulioegemea nyuma badala ya kusimama wima. Ukiegemea nyuma, maji huusukuma mbali na mstari wa pini, na nguvu yote hurudi mkononi. Hakikisha ubao unashuka hadi mwisho na kujifunga hapo. Kwa kawaida ni vyema sehemu ndogo ya upana wa ubao iwe mbele ya mstari wa pini, lakini isifike robo. Ikizidi hapo, kana itakuwa nyepesi kupita kiasi na usukani utageuka wenyewe.

Hatua ya 5: Ubao ukubali kuinuka

Mwambao wetu una mafungu ya mchanga na miamba inayochomoza maji yakitoka. Ubao usiokubali kuinuka ukigonga mwamba utang'oa bawaba pamoja na kipande cha tezi. Ubao unaoinuka ovyo nao utakuacha bila usukani katikati ya mawimbi. Kama boti yako ina kifungo cha springi, kirekebishe mpaka ubao uachie unapogongwa, lakini usiachie kwa mwendo wa kawaida. Kama hakuna, fundi wanaoushikilia ubao chini kwa kamba nyembamba wamefikiri vyema: kamba hukatika, ubao hubaki. Beba vipande kadhaa vya kamba hiyo.

Usukani ukivunjika baharini

Usiharakishe. Punguza tanga kwanza. Usukani uliovunjika ufunge juu au uuchomoe usiburute. Kisha tumia ule wa pili. Ikiwezekana, chagua njia ambayo mwili wenye usukani mzima unakuwa upande upepo unakoelekea, maana huo ndio unaokandamizwa majini. Zikivunjika zote mbili, shusha tanga na uongoze kwa kasia la nyuma, ukitafuta maji tulivu ndani ya mwamba badala ya kulazimisha kupita mlangoni.

Kabla ya kila safari

Dakika tano zinatosha. Tikisa kila ubao. Tazama kila pini na kizuizi chake. Inua na uteremshe mbao mara tatu. Hakikisha una pini mbili za akiba, kamba, koleo na kasia, na kwamba kila aliyemo amevaa jaketi la kuokolea maisha. Ukirudi, suuza viungo vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa mchanga ukilala usiku kucha kwenye bushi, kesho unaanza kazi ya kusaga.

Matengenezo makubwa yafanyeni wakati wa malelezi, pepo zinapobadilika na boti zinapumzika. Kumbukeni pia kwamba chombo cha kubeba abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Shughuli za Baharini nchini (KMA). Hata hivyo, mkaguzi huiona boti siku moja tu. Siku zilizosalia, mkaguzi ni wewe nahodha, na kazi hiyo ifanyike miguu yako ingali mchangani.