Nyongo ikionekana tumboni

SWALI: Mama alifanyiwa kipimo cha kamera tumboni, akaambiwa nyongo inarudi kutoka kwenye utumbo. Kipimo hicho kinatosha?

JIBU: Peke yake hakitoshi. Kamera huonyesha majimaji ya njano au kijani, lakini mgonjwa akishikwa na kichefuchefu mpira wa kamera unapoingia, nyongo inaweza kupanda palepale. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo au kutolewa kifuko cha nyongo huwa nayo zaidi, na wengine hawaumwi kabisa.

Kipimo cha asidi pia hakipimi nyongo. Ndiyo maana kilibuniwa Bilitec: waya mwembamba hupitishwa puani na kuachwa saa 24, ukimulika bilirubini, rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo. Kwa kuwa hutegemea rangi, karoti, nyanya na kahawa huuvuruga. Mgonjwa hula vyakula vyeupe kama wali na maziwa. Ni kifaa adimu mno.

Kinachopatikana katika baadhi ya hospitali kubwa ni picha za nyuklia. Dawa yenye teknishiamu kidogo huchomwa mshipani, ini huitoa pamoja na nyongo, na kamera maalumu hufuatilia kama inaingia tumboni. Hakuna mpira wa kumeza, nami nakipendelea kwa sababu hiyo.

Muulize daktari wake kama wakati wa kipimo cha kamera alichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya tumbo kwa uchunguzi, na majibu yake yalionyesha nini. Akitapika nyongo mfululizo au damu, mpelekeni hospitali mara moja.