Usimezwe na magrupu: namna ya kupanga meseji za WhatsApp

Mkulima wa Kasulu akirudi shambani jioni, akawasha data, simu inalia mfululizo: grupu la ukoo, la kikoba, la wazazi wa shule, la ushirika wa wakulima (AMCOS), la kwaya, hadi la kamati ya harusi iliyokwisha zamani lakini watu bado wamo wanapiga soga. Akisema asome zote, bando na chaji vinaisha. Akiziacha zote, huenda katikati ya vichekesho na "asubuhi njema" kuna taarifa ya msiba. Dawa ni kuyapanga magrupu kabla meseji hazijarundikana.

Nikichelewa, napata hasara gani?

Hicho ndicho kipimo, wala si ukubwa wa watu waliomo. Taarifa ya mazishi kijijini Heru Juu ukiiona keshokutwa, umeshachelewa. Marejesho ya kikoba yana siku yake, na ikipita kuna faini. Mvua za Oktoba na Novemba zikikaribia, habari kwamba mbolea ya ruzuku imefika kwa wakala Kibondo mjini haingoji. WhatsApp inakuruhusu kubandika mazungumzo matatu juu ya orodha; chagua hayo matatu na uyaache yalie.

Mengine yanyamazishe. Fungua grupu, gusa jina lake, ingia kwenye arifa, uchague muda wa saa 8, wiki moja au daima. Hakuna atakayejua, hivyo baba mdogo hatasema umewadharau wazee. Mtu akikutaja kwa jina humo, simu bado itakuarifu. Magrupu hayo yapangie muda mmoja kwa siku, tuseme baada ya chakula cha jioni. Lile la harusi iliyokwisha, toka: tangu 2022, wanaopata taarifa kwamba mtu ametoka ni maadmini tu.

Kuokoa bando, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Baada ya hapo utafungua ile unayoitaka tu.

Admini naye ana kazi

Tazama orodha ya michango inavyokwenda. Kila anayetoa 10,000 ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake na kuirusha tena. Watu arobaini, orodha arobaini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na ugomvi unaanza. Mweka hazina peke yake aandike orodha hiyo na kuituma mara moja mchana na mara moja usiku. Saa na mahali pa mazishi viandikwe katika ujumbe mmoja na kubandikwa juu, visizamishwe na "poleni sana" mia moja. Mambo yakiwa mengi, admini anaweza kufunga grupu kwa muda ili maadmini pekee waandike.

Wingi huficha uongo

Meseji yenye mishale miwili imeshapita mikono mingi. Kabla ya kuisambaza, iwe ya bei ya maharage au ya ajira, muulize mhusika: wakala, mtendaji wa kijiji, ofisi ya halmashauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza kwa makusudi taarifa anazojua ni za uongo. Mchango ukiombwa kwa namba ngeni, mpigie mweka hazina kwa namba unayoijua siku zote. Ile ngeni ikiwa ni ya tapeli, iripoti kupitia 15040.

Hata grupu likipangwa vizuri, wapo wasioweza kulifikia: wenye vitochi, walioishiwa bando, walio shambani kusiko na mtandao. Kwa hiyo jambo la leo lisiishie kwenye grupu. Anayelitangaza agawe majina ya watu hao kwa wajumbe wawili watatu, nao wapige simu au wapite nyumba kwa nyumba.