Ukiandika "Bolognese", mteja anaelewa nini?

Somo hili ni la wauza chakula mtandaoni, ila hata wa nguo na vipodozi kaeni mkao wa kula.

Posti za "spaghetti bolognese" naziona nyingi. Picha safi, bei ipo, maelezo hamna. Tuanze na asili yake.

Bologna ni mji wa kaskazini mwa Italia. Mchuzi wake wa nyama unaitwa ragù, na wenyeji hawauli na spaghetti. Wanaula na tagliatelle, tambi bapa za unga wa ngano na mayai. Mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina ilisajili resipe yake kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna: nyama ya ng'ombe, pancetta, karoti, selari, kitunguu, nyanya kidogo, mvinyo na maziwa. Hata upana wa tagliatelle ulisajiliwa hapo mwaka 1972: milimita 8 zikishaiva.

Sasa sikia. Pancetta ni nyama ya tumbo la nguruwe. Mteja Mwislamu anayelijua hilo atakuuliza, au atapita kimyakimya. Mwingine ana mzio wa mayai, mwingine maziwa yanamsumbua. Jina peke yake halimjibu hata mmoja.

Kama yako ni ya ng'ombe tupu, sema: "Tambi na nyama ya ng'ombe ya kusaga, mtindo wa Bologna. Haina nguruwe, haina mvinyo. Tambi zina mayai." Kama unaweka nguruwe, taja vilevile. Mimi mstari huo nauweka juu ya bei, si chini.

Kwenye lishe pia usipambe. Gramu 100 za tambi kavu zina takriban kilokalori 350, nyingi zikitokana na wanga, na protini kama gramu 12. Nyama inaongeza protini, madini ya chuma na vitamini B12. Nyuzinyuzi ni chache kwenye tambi za unga mweupe, kwa hiyo uza na kachumbari au mboga pembeni. Ukiongeza jibini, mafuta na chumvi vinapanda. "Mlo wa kushiba, wenye protini" inatosha. "Hainenepeshi" achana nayo.

Zoezi la leo: fungua tangazo lako la mwisho, lisome kama mtu mwenye mzio wa mayai. Amepata jibu bila kukuuliza? Kama bado, hariri kabla oda za mchana hazijaingia.