Pampu ya Joto: Nyumba Ihesabiwe Kwanza

Mwanafunzi aliyewahi kupitisha mkono nyuma ya jokofu linalofanya kazi anajua kwamba huko kuna joto. Joto hilo limetoka wapi? Sehemu yake imetoka katika maziwa, mboga na hewa iliyomo ndani. Sehemu nyingine ni kazi ya umeme unaoendesha kompresa. Jokofu, basi, halitengenezi baridi. Hulichukua joto mahali penye baridi na kulipeleka mahali penye joto zaidi, safari ambayo joto haliendi kwa hiari yake. Sasa tuwaze jokofu ambalo sehemu yake ya baridi imewekwa nje ya nyumba, na ile ya moto imewekwa ndani. Hiyo ndiyo pampu ya joto. William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aliieleza fikra hii mwaka 1852. Mashine za siku hizi zina vali inayogeuza mwendo wa gesi, hivyo mashine ile ile huipasha nyumba joto wakati wa baridi na kuipoza wakati wa kiangazi.

Katika nchi za baridi pampu hizi zinafungwa kwa wingi. Hata hivyo, kosa linaloziharibia sifa mara nyingi halimo ndani ya mashine. Limo katika hesabu iliyotangulia, au katika kukosekana kwake. Fundi aliyezoea nyumba za zamani huikadiria nyumba mpya kwa macho, kisha kwa kuchelea lawama huongeza kidogo. Mwenye nyumba naye hufurahi, maana nani asiyependa mashine kubwa?

Tuchukue mfano wa nyumba mpya ya ghorofa moja mjini Toronto, Kanada, kando ya Ziwa Ontario, ambako majira ya baridi ni makali na kiangazi kina joto na unyevu. Nyumba hii tumeibuni sisi, lakini vipimo vyake havina ajabu. Msingi ni meta 10 kwa 8, kuta zina kimo cha meta 5.5, na sakafu zote mbili zina jumla ya meta za mraba 160. Joto linalopita katika ukuta hutegemea eneo lake A, tofauti ya halijoto kati ya ndani na nje, na kipimo U, yaani wati zinazopita katika kila meta ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti:

Q = U × A × (halijoto ya ndani − halijoto ya nje)

Ukuta wa fremu za mbao uliojazwa kihami joto kinene una U ya 0.15; dari 0.10; sakafu ya chini 0.15, madirisha ya vioo vitatu, pamoja na milango, 1.0. Tukitoa meta za mraba 28 za madirisha na milango, kuta zinabaki na meta za mraba 170. Kwa kila digrii ya tofauti, basi, kuta hupoteza wati 25.5, dari wati 8, sakafu wati 12 na madirisha wati 28. Mwanafunzi na aitazame tena hesabu hii kabla ya kuendelea: meta 28 za vioo zinapoteza joto kuliko meta 170 za kuta. (Sakafu tumeihesabu kana kwamba inaguswa na hewa ya nje, ingawa udongo ulio chini yake una joto zaidi. Kosa hili liko upande wa usalama.)

Imebaki hewa. Nyumba isiyopata hewa safi ni hatari kwa afya, kwa hiyo feni huiingiza kupitia kibadilisha joto, chombo ambamo hewa chafu inayotoka huiachia ile inayoingia sehemu kubwa ya joto lake. Tukijumlisha na hewa inayopenya nyufani, ni kana kwamba meta za ujazo 70 za hewa ya baridi huingia kila saa. Kuipasha meta moja ya ujazo kwa digrii moja kunahitaji wati-saa 0.34, hivyo hewa hupoteza wati 24 kwa kila digrii. Jumla ya yote ni wati 97.5.

Wahandisi hukadiria baridi kali ya Toronto kuwa kati ya digrii 18 na 20 chini ya sifuri. Tukichukua 20, na ndani tukitaka digrii 20, tofauti ni 40. Nyumba nzima inahitaji wati 3,900, yaani kilowati 4 hivi. Nyumba yenye umbo lile lile, lakini ya matofali bila kihami, kioo kimoja kimoja na upepo ukipita chini ya milango, ingepoteza karibu wati 660 kwa kila digrii, yaani kilowati 26. Hiyo ndiyo nyumba iliyomo kichwani mwa fundi wetu.

Je, tununue mashine iliyoandikwa kilowati 4? La, si haraka hivyo. Uwezo unaoandikwa hupimwa hewa ya nje ikiwa na digrii 7 au 8 juu ya sifuri. Kadiri baridi inavyozidi, uwezo hupungua, na umeme unaotumika kwa kila kilowati ya joto huongezeka. Carnot alikwisha kutupatia mpaka. Tukitoa joto ndani kwa digrii 35 (kelvini 308) na kulichota nje kwa digrii 20 chini ya sifuri (kelvini 253), kila uniti ya umeme haiwezi kuleta zaidi ya 308 ÷ 55, yaani uniti 5.6 za joto. Mashine halisi hupata uniti 2 hivi, na siku ya digrii 7 hupata 3 au 4. Hita ya waya hutoa 1 tu daima. Basi linalopasa kusomwa ni jedwali la mtengenezaji, kwenye mstari wa digrii 20 chini ya sifuri; hapo ndipo tutafute kilowati 4.

Tuseme sasa fundi amefunga mashine ya kilowati 12, ambayo hata ikipunguza mwendo haishuki chini ya kilowati 3.5. Siku ya digrii 7 nyumba inahitaji wati 1,270 tu, bila kuhesabu joto la watu na jiko. Mashine itawaka, itazima, itawaka tena, kutwa nzima. Mwandishi wa makala haya, siku za masomo yake ng'ambo, aliwahi kupanga chumba juu ya tanuri la namna hiyo: lilinguruma dakika chache, likanyamaza, na mara tu usingizi ulipokuja likanguruma tena. Kuwaka na kuzima huko huila kompresa kuliko kazi ya mfululizo. Isitoshe, mashine kubwa hubeba gesi nyingi zaidi, na nyingi ya gesi hizo zikivuja huzuia joto la dunia lisitoke. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.

Wengine huuliza: na baridi ikizidi makadirio, au umeme ukikatika? Kuta, samani na sakafu za nyumba yetu huhifadhi, tuseme, kilowati-saa 9.6 kwa kila digrii. Mashine ikisimama saa nane katika usiku wa baridi kali, nyumba itashuka digrii 3 hivi. Ile ya zamani ingeshuka 17. Kihami chenyewe ni akiba.

Kiangazi kina hesabu yake. Nje digrii 31, ndani 24: tofauti ya digrii 7 huingiza wati 680 tu. Watu wanne na vyombo vya umeme huongeza wati 900 hivi. Lakini meta za mraba 8 za kioo kinachotazama magharibi, jua la alasiri likipitisha wati 300 kwa kila meta, huleta wati 2,400! Pazia la ndani halisaidii sana, kwa kuwa joto limekwisha kuingia. Kivuli lazima kiwe nje, kama upenu au mti. Walimu wa pwani yetu, ambako hakuna haja ya kupasha nyumba joto, wanaweza kuanzia hapa.

Unyevu nao haupimwi kwa kipimajoto. Kila kilo ya mvuke inayogeuka maji juu ya mabomba baridi ya mashine huachia kilojuli 2,450 za joto fichi, na maji hayo yanahitaji muda ili yadondoke na kutoka nje. Mashine kubwa mno huipoza hewa upesi, kisha huzima kabla maji hayajadondoka, na feni huyarudisha chumbani. Wakazi hubaki na ubaridi wenye unyevu, na ukungu huota nyuma ya makabati.

Zoezi: Mwenye nyumba, ili kupunguza gharama, amechagua vioo viwili vyenye U ya 2.8. (a) Ni wati ngapi zitaongezeka katika baridi ya kukadiria? (b) Akijenga upenu unaozuia robo tatu ya jua la magharibi, ni wati ngapi zitapungua wakati wa kiangazi? (c) Kwa majibu hayo mawili, ungemshauri atumie fedha zake wapi kwanza?