Dondoo muhimu: Siku za mwisho za mmisionari Kamsamba

Kamsamba iko katika bonde la Ziwa Rukwa, wilayani Momba, mkoani Songwe. Mmisionari wa kigeni anayemaliza utume huko hujipanga mapema.

• Makabidhiano: Vitabu vya ubatizo na ndoa, hesabu, funguo na kadi ya gari vikabidhiwe kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Madeni ya dukani yalipwe, na wanafunzi waliokuwa wakilipiwa ada wapate msimamizi.

• Kibali: Tarehe ya mwisho ya kibali cha ukaazi ilinganishwe na ya tiketi.

• Safari: Kati ya Novemba na Aprili mvua huharibu barabara za vumbi. Ni busara kufika Mbeya siku moja au mbili kabla ya ndege kuruka kutoka Uwanja wa Songwe.

• Kuaga: Wazee na viongozi wa vigango hufuatwa nyumbani kwao. Zawadi hupokelewa kwa mikono miwili; jogoo na gunia la mchele, visivyoweza kusafirishwa, huachiwa wagonjwa au jumuiya.

• Afya: Homa ikipanda wiki kadhaa baada ya kurejea kwao, daktari aelezwe kwamba mgonjwa ametoka eneo lenye malaria.