Chakula cha Ugenini: Niliyojifunza Addis Ababa

Mtu asafiripo kwenda mji wa kigeni huonywa sana juu ya wezi na magari, lakini juu ya chakula atakachowekewa mbele yake haambiwi neno. Katika likizo ya Desemba 2024 nilikwenda Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, kumzuru mjomba wangu afanyaye kazi huko. Nikiwa huko nilikataa chakula kilicho salama, nikala kilicho na hatari. Ndiyo sababu naandika somo hili, ili mwenzangu atakayesafiri asirudie kosa langu.

Siku ya kwanza, saa saba mchana (nao Waethiopia huhesabu saa za mchana tangu asubuhi, kama sisi), tuliletewa sinia moja kubwa. Juu yake ilikuwa imetandazwa injera, mkate mpana, laini, wenye vitundu vingi, na juu ya mkate mafungu ya dengu, kabichi na mchuzi mzito wa unga wa nafaka za jamii ya kunde uitwao shiro. Nilipoonja ule mkate nikaona uchachu, nikadhani umeoza. Mjomba akaniambia, "Mjomba, huo haukuoza, umechachushwa." Sikumsikiliza. Nikaagiza kachumbari na maji ya papai. Usiku ule nilihara mpaka alfajiri.

Tutazame sababu. Injera hufanywa kwa unga wa teff, nafaka yenye punje ndogo mno. Unga hukorogwa na maji, ukaachwa siku mbili au tatu. Vijidudu vya hamira na bakteria visivyodhuru hula wanga wa unga, vikatoa asidi na hewa ya kaboni. Asidi ndiyo uchachu, na hewa ndiyo ifanyayo vitundu. Uchachu ule huzuia vijidudu vingi vibaya visikue, kisha mkate huokwa juu ya kikaango chenye moto mkali. Lakini kachumbari yangu haikupita motoni hata kidogo, na maji yaliyoosha nyanya zile sikujua yametoka wapi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga siku 43 kabla ya Krismasi yao, ambayo huangukia tarehe 7 Januari. Siku za kufunga hawali nyama, maziwa wala mayai. Basi Krismasi ilipofika, jirani wa mjomba, mzee mkarimu sana, alitualika nyumbani kwake. Akatuandalia kitfo, nyama ya ng'ombe mbichi iliyokatwakatwa ndogo sana, ikachanganywa na pilipili na siagi yenye viungo. Moyo wangu ulikataa, lakini niliona haya mbele ya wazee. Nikala, nikasifu, nikaongezwa.

Miezi mitatu baadaye, nikiwa shuleni, niliona katika choo changu vipande vyeupe bapa vikijongea. Nilificha jambo hilo wiki nzima kwa aibu, kisha nikaenda zahanati. Nilikuwa na tegu. Daktari alinipa dawa nikapona, akaniambia kwamba aibu imeumiza watu wengi kuliko tegu mwenyewe.

Tegu wa ng'ombe huishi hivi. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu, yakaangukia majani. Ng'ombe akila majani hayo, vijitegu hujificha katika nyama yake ndani ya vifuko vidogo. Mtu akila nyama hiyo mbichi, tegu hukua tumboni, akaweza kufikia mita tano na kupita. Pilipili haimwui. Moto ndio umwuao: nyama iliyokatwa ndogo au kusagwa ipate joto la nyuzi 71 mpaka ndani. Waethiopia wenyewe wanamjua adui huyu tangu zamani, nao walikuwa wakinywa dawa ya maua ya mti uitwao kosso ili kumtoa. Mti huo humea pia katika misitu ya juu ya Kilimanjaro.

Basi, aendaye Addis Ababa ayashike haya:

1. Ale bila hofu injera, shiro, dengu, na mchuzi wa kuku uitwao doro wat, vikiletwa vya moto. Jumatano na Ijumaa ni siku za kufunga, hivyo chakula kisicho na nyama hupatikana kwa wingi.

2. Aache kachumbari, barafu, maziwa mabichi, na maji ya matunda yaliyokamuliwa na mtu asiyemjua. Tunda alimenye mwenyewe.

3. Maji ayachemshe. Mji ule uko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 92 hivi, si 100. Kwa hiyo yakichemka ayaache dakika tatu motoni.

4. Akiletewa kitfo aseme "yebesele", maana yake iliyopikwa. Wenyeji wengi huila hivyo, na hakuna anayechukizwa. Laiti ningalilijua neno hili moja!

5. Kwa habari ya nyama, Mwislamu na Mkristo huko kila mmoja hula iliyochinjwa na mwenzake wa dini. Bucha nyingi zina alama ya msalaba au mwezi mwandamo.

6. Asikatae kahawa. Hukaangwa mbele ya mgeni, ikachemshwa, ikanywewa vikombe vitatu. Cha tatu huitwa baraka, neno tulijualo sisi sote, na si adabu kuondoka kabla yake.

Ndugu wanafunzi, mimi nilikipima chakula kwa ugeni wake na kwa haya zangu. Ilinipasa kuuliza maswali mawili tu: je, kimepita motoni? Na maji yake yametoka wapi? Maswali hayo yanafaa Addis Ababa, yanafaa pia katika vibanda vilivyo nje ya lango la shule yetu. Kuuliza si ujinga. Na mwenyeji mwema akiulizwa kwa adabu hujibu kwa furaha, kwa maana naye hapendi mgeni wake augue.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne